Mkono wa Gitaa na Kasha Lake

Gitaa la Stratocaster lilipoingia madukani Marekani mwaka 1954, kiwanda cha Fender kililipangia bei ya dola 249.50. Aliyelitaka bila mkono wa tremolo, ule wa kuyumbisha nyuzi, alilipa dola 229.50, na aliyetaka kasha la kulihifadhia aliongeza dola 39.95. Kwa hesabu hiyo kasha lilikuwa ghali karibu mara mbili kuliko mkono. Bei hizo nimeziweka pamoja kwa makusudi. Mkono na kasha havijawahi kukaa kwa amani, na kila fundi aliyebuni mkono mpya, tangu miaka ya 1930 hadi leo, ilimbidi aamue utakaa wapi muziki ukiisha na kifuniko kikishuka.

Gitaa la umeme la mbao nzima ni bapa. Stratocaster ina unene wa sentimita nne na nusu hivi, na nyuzi zinapita juu ya mbao kwa kimo kidogo tu. Ukililaza chali ndani ya kasha, kifuniko kinafunga bila kugusa kitu. Uache mkono umesimama kwenye daraja, ncha yake itanyanyuka juu ya nyuzi zote, na kifuniko kitaukuta njiani. Mwenye haraka atakibana hadi kufuli ishike. Mkono ukibanwa unasukuma daraja liinamie mbele, springi zinavutika, nyuzi zinalegea, na gitaa litalala hivyo usiku kucha au mwaka mzima. Chombo kilichotengenezwa ili kiyumbe kwa sekunde mbili tatu kinaachwa kimeyumba.

Hamu ya kuyumbisha mlio wa uzi ilitangulia umeme. Mwishoni mwa karne ya 19, katika visiwa vya Hawaii, wapigaji walianza kulilaza gitaa mapajani na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi ni Joseph Kekuku. Sauti iliweza kupanda na kushuka bila kukatika. Baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 muziki huo ulienea Marekani nzima, na hata gitaa la umeme la kwanza kufanikiwa sokoni, lile la alumini lililotolewa mwaka 1932 na kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Rickenbacker, lilikuwa la kulazwa mapajani. Wapigaji wa gitaa la kupakatwa kifuani walibaki wakiisikia sauti ambayo vidole vyao havikuweza kuitoa kikamilifu.

Clayton Orr Kauffman, maarufu kwa jina la Doc, aliamua kuwatafutia njia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 aliomba hataza ya kifaa cha kuyumbisha nyuzi, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akaipata. Kifaa hicho, Vibrola, kilifungwa mkiani mwa gitaa, na mkono wake ulisogezwa kando, sambamba na uso wa gitaa, badala ya kubonyezwa. Kwa upande wa kasha hilo lilikuwa jambo jema, maana mkono haukujitokeza juu. Kwa upande wa nyuzi lilikuwa tabu. Ukishausogeza mkono na kuuachia, nyuzi hazikurudi sawasawa pale zilipotoka, na mpigaji alijikuta akityuni gitaa katikati ya wimbo.

Kauffman hakukata tamaa, na mimi namheshimu kwa hilo hata pale alipokwenda mbali mno. Mwaka 1937 Rickenbacker walitoa gitaa lenye Vibrola inayoendeshwa na mota ya umeme iliyokaa ndani ya gitaa lenyewe, ikiyumbisha nyuzi pasipo mkono wa mtu. Mwili wa gitaa hilo ulikuwa wa bakelaiti, na pamoja na mota likawa zito kiasi kwamba lilitengenezewa nguzo ya kulibeba, iliyosimikwa kwenye amplifaya yake. Swali la mkono na kifuniko lilikwisha, kwa kuwa mkono haukuwepo, lakini wachache sana walitaka gitaa lisiloweza kuning’inia mabegani mwa mtu.

Hatua iliyofuata ilianza na malalamiko. Merle Travis, mpigaji mashuhuri wa muziki wa country aliyetoka Kentucky na kuhamia California, alikuwa na gitaa la Gibson lililofungwa Vibrola ya Kauffman, na halikukaa katika sauti. Alilipeleka kwa rafiki yake Paul Bigsby wa mji wa Downey. Bigsby alikuwa mtu wa pikipiki: alizishindania mbio, alifanya kazi kwenye kiwanda cha pikipiki za Crocker, na alizijua springi, beringi na alumini ya kuyeyushwa kuliko alivyozijua nyuzi. Aliitazama Vibrola, akaiweka kando, akatengeneza kitu chake mwenyewe.

Katika mtambo wa Bigsby nyuzi hufungwa kwenye fimbo ya mviringo inayozunguka ndani ya beringi. Mkono umeungana na fimbo hiyo, na chini ya mkono kuna springi moja fupi nene. Ukiubonyeza, fimbo inazunguka kidogo na sauti inashuka. Ukiuachia, springi inairudisha. Unayumbisha kwa upole tu, si kwa fujo, na ndiyo sababu nyuzi zinarudi. Viwanda vya Gibson na Gretsch vikaununua. Mpigaji Chet Atkins akautumia, mwenzake Duane Eddy akautumia kwenye “Rebel Rouser” mwaka 1958. Na muziki ulipokwisha, mkono wa Bigsby ulizungushwa tu hadi mkiani mwa gitaa, ukalala pale. Ulikuwa umefungwa kwa bolti, hivyo mkono wa mtu haukuung’oa. Magitaa mengi yaliyovaa mtambo huo yalikuwa na mwili wa uwazi, mnene, na makasha yake yalikuwa na kina cha kutosha.

Mji wa Fullerton uko jirani na Downey. Huko Leo Fender alikuwa ameendesha duka la kutengeneza redio tangu mwaka 1938, na mwaka 1945 alishirikiana na Doc Kauffman yuleyule kuunda magitaa ya mapajani na amplifaya. Mwaka uliofuata Kauffman alijitoa. Fender aliendelea, akatoa gitaa la mbao nzima lililokuja kuitwa Telecaster, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wapigaji waliokuwa wakimtembelea kiwandani, Bill Carson akiwa mmoja wao, walidai gitaa lisilochoma mbavu, lenye daraja la kurekebishwa uzi kwa uzi, na lenye mtambo wa kuyumbisha nyuzi ulio bora kuliko wa Bigsby.

Fender hakuwa mpiga gitaa. Alifikiri kwa kupima, na alikuwa na msaidizi aliyepiga: Freddie Tavares, mzaliwa wa Hawaii, bingwa wa gitaa la mapajani, aliyeingia kiwandani mwaka 1953. Naona fahari kwamba aliyesaidia kuchora mtambo huu alitoka kwenye visiwa vilivyoanzisha hamu yenyewe. Jaribio la kwanza lilikuwa na daraja lenye vigurudumu, na mkia uliotengana na daraja. Zana za kulizalisha zilikwisha tengenezwa. Walipolipiga, sauti ilitoka nyembamba na kufa upesi. Fender aliamuru zana zile zitupwe na kazi ianze upya, hasara kubwa kwa kiwanda kidogo.

Kilichopatikana safari ya pili ni kile ambacho bado kiko kwenye mamilioni ya magitaa. Daraja ni bamba la chuma lililoshikwa ukingoni na skrubu sita, na linainama juu ya skrubu hizo. Chini ya bamba kuna bonge la chuma linaloshuka hadi ndani ya tundu lililotobolewa katika mbao, na mgongoni mwa gitaa springi, zisizozidi tano, zinalivuta bonge hilo. Nyuzi zinavuta upande mmoja, springi upande wa pili, zikilingana kama mizani ya sokoni. Nyuzi sita za unene wa kawaida zinavuta kwa jumla ya kilo zaidi ya 40, na springi lazima zijibu kwa kadiri hiyohiyo. Kwa sababu daraja na mkia ni kitu kimoja, vyote vinakwenda na kurudi pamoja. Fender aliomba hataza Agosti 1954, akaipata Aprili 1956.

Mtambo huu ulihitaji mkono mrefu uliopinda, wenye ncha nyeupe ya plastiki, ili kiganja kiufikie bila kuacha kupiga. Kwenye gitaa bapa, ndani ya kasha lililotengenezwa kwa ajili ya kitu bapa, mkono wa namna hiyo haukuwa na nafasi. Jibu la Fender lilikuwa jepesi: alichonga hesi kwenye kitako cha mkono na nyingine ndani ya bonge la chuma, mkono ukawa wa kuzungushwa na kutolewa mzima. Kasha likapewa sehemu yake ya kuupokea. Chini ya mahali shingo inapolalia kulikuwa na kijisanduku chenye kifuniko kwa ajili ya vitu vidogo, na humo mkono ulilazwa karibu na mkanda, waya na nyuzi za akiba. Kwangu mimi, kitendo cha kuufungua mkono kabla ya kufunga kasha ni sehemu ya ubunifu wa Stratocaster sawa na umbo lake.

Uingereza ililijua gitaa hili kwa kuchelewa. Tangu mwaka 1951 serikali ilikuwa imezuia uagizaji wa ala za muziki kutoka Marekani, na vijana wengi waliiona Stratocaster kwenye picha za mwanamuziki wa Marekani Buddy Holly tu. Zuio lilipoondolewa mwaka 1959, mwimbaji Cliff Richard aliagiza gitaa kama hilo moja kwa moja kutoka California kwa ajili ya mpigaji wake, Hank Marvin wa kundi la The Shadows. Lilikuwa jekundu, lenye vyuma vya rangi ya dhahabu, na lilikuwa na mkono. Julai 1960 kundi hilo lilitoa wimbo “Apache”. Usikilize leo: mwishoni mwa kila noti ndefu Marvin anaugusa mkono kidogo mno, na noti inapumua. Jinsi Marvin alivyoutumia mkono ule ilisikika mbali na California, na kizazi kizima cha wapigaji wa Ulaya kilijifunza kwake.

Hata hivyo jibu jepesi la Fender lilikuwa na gharama, na gharama hiyo ililipwa ndani ya makasha. Wapigaji wengi hawakuutaka mkono. Eric Clapton, kwa mfano, amezoea kuziba tundu la mgongoni kwa kipande cha mbao ili daraja lisitikisike kabisa. Mtu wa namna hiyo aliufungua mkono siku ya kwanza, akauweka kwenye kijisanduku, na baada ya kuuza gitaa mara mbili tatu mkono ukabaki kwenye droo ya mtu mwingine. Leo watu wanaokusanya Stratocaster za miaka ya 1950 wanautafuta mkono wa asili kwa bidii, pamoja na kifuniko cha daraja ambacho wapigaji walikigeuza kisahani cha majivu ya sigara.

Wengine walipata hasara ya pili. Waliuacha mkono mahali pake, wakashusha kifuniko, kasha likaanguka au likarundikiwa mizigo kwenye buti la gari. Mkono wa chuma ukaumia penye udhaifu wake, yaani kwenye hesi. Ukivunjikia hapo, kipande kinabaki ndani ya bonge, na fundi lazima akitoboe kwa uangalifu asiharibu hesi za ndani. Hata pasipo kuvunjika, hesi inayosukumwa upande kila mara hulika, na mkono huanza kucheza. Wapigaji huzungushia hesi ile utepe mweupe wa mafundi bomba, na kiwanda kilikuja kuweka springi ndogo sana chini ya shimo ili mkono ukae imara. Springi hiyo ni ndogo kiasi kwamba gitaa likipinduliwa bila mkono inadondoka, na ikidondoka ndani ya bitana ya kasha hupati kuiona tena. Kipande cha utepe juu ya shimo kinatosha kuizuia.

Kuna namna ya kuuhifadhi mkono ambayo mafundi wazuri huifundisha. Baada ya kuufungua, ufutwe jasho, hasa kwenye hesi, ufungwe kwa kitambaa na uingizwe kwenye kijisanduku. Usiachwe huru chini ya gitaa, kwa sababu chuma kitachimba mbao kila kasha linapotikiswa. Mkanda wa plastiki nao usilazwe juu ya gitaa la zamani, kwa kuwa rangi ya selulosi waliyotumia Fender wakati huo hulainika ikigusana na baadhi ya plastiki kwa muda mrefu. Nyuzi ziachwe katika mvuto wake wa kawaida: ndani ya shingo kuna chuma kinachopingana nao, na ukizilegeza zote springi zitalivuta daraja hadi likae juu ya mbao, nawe utarudia kutyuni mara nyingi kabla mizani haijakaa. Hewa ndani ya kasha inafaa iwe na unyevu wa nusu kwa nusu, asilimia 45 hadi 55. Anayekaa Tanga, Mombasa au Unguja hapati hewa hiyo bila juhudi. Chumvi ya bahari inazifikia skrubu sita za daraja mapema kuliko sehemu nyingine, na daraja lililoshika kutu ukingoni haliwezi kurudi mahali pake. Vijipakiti vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vina kazi ya maana humo.

Katika dansi la kwetu mkono huu haukupata nafasi kubwa, na nadhani sababu yake ni ya kimuziki. Gitaa la solo na la rithimu hujibizana kwa noti fupi zilizosukwa karibu karibu. Moja likiteleza robo ya sauti, majibizano yanavurugika. Tena bendi nyingi za Tanzania, kama NUTA Jazz iliyoanzishwa chini ya chama cha wafanyakazi mwaka 1964, zilipiga kwa vyombo vya taasisi. Mpigaji akihama, gitaa linabaki stoo likimsubiri mwingine, na katika hali hiyo kitu kidogo kinachofunguka hakina mtu wa kukiulizia.

Fender mwenyewe alijirekebisha mapema. Gitaa lake la Jazzmaster la mwaka 1958 lilikuja na mtambo mwingine uliokaa mbali na daraja, na mkono wake haukuwa na hesi: ulisukumwa ndani ya shimo na kushikwa na msuguano, na kwa kuvutwa ulitoka. Aliongeza pia kitufe cha kuufunga mtambo, ili uzi mmoja ukikatika nyingine zibaki katika sauti. Ulikuwa mtambo wa kistaarabu, lakini dunia haikuufuata. Ilifuata ule wa 1954, kwa sababu ya watu kama Jimi Hendrix. Huyu alipiga kwa mkono wa kushoto gitaa la mkono wa kulia, amelipindua, kwa hiyo mkono wa tremolo ulikuwa upande wa juu. Asubuhi ya tarehe 18 Agosti 1969, kwenye tamasha la Woodstock, aliusukuma hadi nyuzi zikalegea kabisa, akaupiga wimbo wa taifa wa Marekani ukiwa na milio ya mabomu ndani yake. Stratocaster ile nyeupe sasa iko kwenye jumba la makumbusho Seattle.

Namna hiyo ya kupiga ilimaliza uvumilivu wa nyuzi. Floyd Rose, mpiga gitaa aliyekuwa pia sonara, alianza mwaka 1976 kutafuta njia ya kuzibana nyuzi pande zote mbili. Alichonga kwa mkono vibano vya chuma vya kuweka pale shingo inapokutana na kichwa, kisha akabuni daraja linalobana nyuzi kwenye tandiko zake. Hataza yake ilitoka mwaka 1979, mpigaji Eddie Van Halen akaupokea mtambo huo, na miaka ya 1980 ikajaa sauti yake. Nyuzi zilizobanwa namna hiyo zinarudi hata baada ya kulegezwa hadi zigonge shingo. Mkono wa Rose hushikwa na kola inayozungushwa kwa vidole, na hutoka bila hesi yake kulika. Ila kasha likapata mpangaji mpya: kifunguo cha pembe sita cha milimita 3. Bila hicho huwezi kubadili uzi, na gitaa zima linanyamaza, maana uzi mmoja ukikatika mizani inakwenda upande na nyingine zote zinapotea.

Leo Fender aliiuza kampuni yake kwa shirika la CBS mwaka 1965 kwa dola milioni 13. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alianzisha kiwanda kingine Fullerton, G&L, pamoja na mwenzake wa zamani George Fullerton, na akalirudia tatizo lake la 1954. Skrubu sita akazifanya nguzo mbili, ili daraja liwe na sehemu chache za kusuguana. Akauondoa mkono wa hesi. Katika mtambo wa G&L mkono unatumbukizwa tu kwenye shimo lenye bitana ya plastiki, na skrubu ndogo ya pembeni inaamua ukazike kiasi gani: ubaki pale ulipoachwa, au udondoke chini ya kiganja. Kuutoa ni kuuvuta. Leo Fender aliendelea kufanya kazi katika kiwanda hicho hadi alipofariki Machi 1991, na magitaa ya G&L yaliendelea kutoka na mtambo ule aliouchora uzeeni hata baada ya hapo.